Pikipiki zimeitwa: gumzo la familia, Kigoma

JUMANNE

Dada Dar [06:41]: Assalam alaikum wote, wakubwa shikamooni. Naomba kabla mtu hajawasha pikipiki leo asome hii. Zile za diski mbele, aina ile ile aliyonunua shangazi mbili na baba mdogo anayo moja, kiwanda kimetangaza kuziita. Sio zote, ni za toleo fulani. Tatizo ni masta ya breki ya mbele, kile kikopo cha mafuta ya breki kilichopo juu kwenye usukani. Jana nimekuta tangazo limebandikwa dukani kwa wakala hapa Dar nikalipiga picha, naituma.

Dada Dar [06:41]: 📷 Picha

Shangazi Ujiji [06:44]: WAALAIKUM SALAM MWANANGU. KUZIITA NDIO NINI WANATAKA KUNICHUKULIA PIKIPIKI ZANGU MIMI MKOPO WA VICOBA NIMEMALIZA MWEZI ULIOPITA TU

Dada Dar [06:46]: Hapana shangazi hakuna anayechukua. Unaipeleka kwa wakala wanafungua kile kifaa kibovu wanakufungia kipya, bure, hata hela ya ufundi hulipi. Pikipiki inabaki yako

Mjomba Uvinza [06:52]: Bure hiyo tangu lini. Ukifika pale watakwambia na tairi limeisha na cheni imeisha unatoka umeacha laki

Dada Dar [06:58]: Mjomba wakisema hivyo tunakataa, kilichoandikwa ni masta tu na kosa ni lao toka kiwandani. Mbona kampuni kubwa zinafanya. 2013 Suzuki waliziita zile GSX-R zao kubwa za mbio, toleo la 2004 mpaka 2013, na shida ilikuwa hapo hapo kwenye masta ya breki ya mbele. Marekani mtu anaingiza namba ya chesesi, herufi na tarakimu jumla 17, kwenye tovuti ya NHTSA ile mamlaka yao ya usalama barabarani, anaona hapo hapo kama chombo chake kimeitwa. Sisi huku hatuna wa kutugongea mlango, ndio maana naandika asubuhi yote hii

Binamu Fundi Gungu [07:03]: shikamooni. dada yuko sahihi hili jambo nalijua ngoja nieleze watu waelewe. mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, ndo maana kopo likishafunguliwa halikai miezi. ndani ya masta kuna pistoni ndogo, ukibana mkono inasukuma mafuta yashuke kwenye bomba yakabane pedi kwenye diski, sasa ile pistoni kama haikupakwa vizuri kiwandani inaanza kuliwa na huo unyevu, na ikiliwa inatoa gesi, vipovu vidogo vidogo. mafuta hata uyabane vipi hayapungui ila hewa inabanwa, kwahiyo wewe unabana hewa diski haiguswi. na ubaya wake asubuhi unakuta iko sawa kabisa, mchana mkono unazama mpaka unagusa mpini

Mjomba Uvinza [07:06]: Si utatoa hewa maisha yanaendelea

Binamu Fundi Gungu [07:07]: unatoa leo mjomba keshokutwa imerudi, maana kinachozalisha hewa bado kiko ndani

Dogo Katubuka [07:19]: shkamoon wote. mi nna kitu cha kusema ila shangazi naomba usinikasirikie

Shangazi Ujiji [07:19]: SEMA BABA

Dogo Katubuka [07:26]: ijumaa nlikua natoka mwanga nashuka stesheni, nimembeba mama mmoja ana mtoto mgongoni, pale barabara inapoanza kushuka kuna gari ikasimama mbele yangu nkabana ya mbele mkono ukazama wote hamna kitu, nkakanyaga ya nyuma tairi likaanza kuserereka nkaiachia, nkashusha gia mpaka ya kwanza ndo ikapunguza nkapita pembeni kwenye mchanga ikasimama. yule mama hakujua kitu akaniuliza tu mbona tumepita huku. kanilipa buku kashuka kaenda zake. mi nkakaa chini pale miguu haina nguvu. nkaenda kijiweni wakanitoa hewa elfu 3 nkajua imeisha, jpili ikarudi tena. sikusema kwasababu nlishalaza hesabu siku mbili nkaona ntaonekana nakwepa

Mama Mkubwa Kasulu [07:28]: Mungu wangu

Mama Mkubwa Kasulu [07:28]: Na mtoto mgongoni

Shangazi Ujiji [07:31]: IKO WAPI SASA HIVI

Dogo Katubuka [07:31]: iko kwangu uani sijatoka

Shangazi Ujiji [07:33]: IACHE HAPO HAPO. UFUNGUO MPE MAMA YAKO AKAE NAO. NA HIYO HESABU YA SIKU MBILI SIITAKI. WEWE NI MTOTO WA KAKA YANGU NIKUPE CHOMBO KIKUUE KWA ELFU SABA. SIKU NYINGINE UKIONA KITU UNANIPIGIA HATA USIKU WA MANANE

Dogo Katubuka [07:34]: asante shangazi

Dada Dar [07:36]: Na ile ya pili anayoendesha yule kijana wa Gungu?

Shangazi Ujiji [07:37]: NAMPIGIA SASA HIVI

Mjomba Uvinza [07:45]: Sasa pikipiki mbili zimelala hiyo ni elfu 14 kwa siku inakatika. Si waendeshe polepole na breki ya nyuma, hiyo ni ya ngoma haina mafuta wala masta. Sisi tumeendesha miaka na ya nyuma tu

Binamu Fundi Gungu [07:51]: mjomba kwa heshima zote hapana. ukifunga breki uzito wote unakuja mbele, ya nyuma inabaki nyepesi, ukiikanyaga kwa nguvu tairi linajifunga linateleza kama dogo alivyosema na hapo ilikua lami kavu. weka mvua weka ule udongo mwekundu wa njia za ndani na abiria wawili. ya mbele ndio inayosimamisha pikipiki. mimi napokea hizi pikipiki zikishaanguka naosha damu kwenye tenki kabla sijaanza kazi, sitaki kuosha ya ndugu yangu

Mjomba Uvinza [07:58]: Sawa fundi. Nimekuelewa

Dada Dar [08:10]: Sasa twende kwenye namba. Tangazo limetaja namba za chesesi toka ngapi mpaka ngapi. Kila mwenye nayo anitumie inboksi, na MSITUME PICHA YA KADI NZIMA HUMU mna jina namba na kila kitu. Namba msiisome kwenye kadi peke yake, angalieni na ile iliyogongwa kwenye fremu, pale shingoni chini ya usukani, geuza usukani kushoto utaiona upande wa kulia, ukungu wa vumbi ufute kwa kitambaa. Zikitofautiana niambieni hilo ni tatizo lingine

Dada Dar [09:32]: Majibu. Ya shangazi anayoendesha dogo, IMO. Ya shangazi ya Gungu, HAIMO ni ya toleo la baadae. Ya baba mdogo IMO. Baba mdogo umeona?

Dada Dar [09:50]: Baba mdogo?

Baba Mdogo Mwandiga [10:14]: Nimeona

Baba Mdogo Mwandiga [10:15]: Ujumbe huu umefutwa

Mama Mkubwa Kasulu [10:17]: Nimeusoma kabla hujafuta. Unasema Jumamosi mtu wa Kalinzi anakuja kuichukua kwa milioni moja na laki nne, kwahiyo sio tatizo lako tena

Baba Mdogo Mwandiga [10:24]: Dada mimi nina ada ya watoto wawili, ile pikipiki nilinunua mkononi kwa jamaa wa Tabora na kadi bado ina jina lake, huyo wakala atanisikiliza kwa kadi gani? Mtu kaja mwenyewe kaiona kaipenda hajauliza chochote. Mimi sijamdanganya

Mama Mkubwa Kasulu [10:31]: Hajauliza kwasababu hajui cha kuuliza, wewe unajua. Barabara ya Manyovu ile na milima yake anateremka na mkewe na gunia la maharage mkono unazama, atajua ni kiwanda? Atasema ni bahati mbaya atazikwa na wewe utakuwa umeshalipa ada. Mdogo wangu mimi nimekulea sikukulea hivyo

Bibi (simu ya Mama Mkubwa) [10:40]: Mimi ni bibi yenu anaandika mjukuu. Nimesomewa yote. Mwanangu wa Mwandiga usiuze kitu hicho. Ada tutachangishana

Baba Mdogo Mwandiga [11:22]: Sawa mama. Samahani wote. Nimempigia yule mtu wa Kalinzi nimemwambia ukweli kama ulivyo, kuhusu tangazo na masta. Amenyamaza kidogo halafu akasema ikishatengenezwa na nikawa na karatasi ya kumuonyesha anaichukua kwa bei ile ile. Laki moja ya utangulizi aliyonipa namrudishia leo

Dada Dar [11:24]: Asante sana baba mdogo. Sasa suala la kadi tulishughulikie. Mtafute yule wa Tabora

ALHAMISI

Baba Mdogo Mwandiga [13:05]: Nimempata yule jamaa wa Tabora. Anasema alipokea sms ya wakala wiki tatu zilizopita! Wakala walimtumia kwa sababu namba yake ndio ipo kwenye kumbukumbu zao toka aliponunua mpya. Yeye akaona ameshauza, namba yangu alishaipoteza simu ilipoharibika, akaifuta. Wiki tatu nzima mimi napanda na watoto kwenda shule

Dada Dar [13:11]: Hapo ndipo roho inaniuma. Huku kwetu pikipiki inapita mikono mitatu minne kadi ina jina la mtu wa kwanza tu, tunakwepa gharama za kuhamisha umiliki TRA, halafu siku ya taarifa kama hii inaenda kwa mtu asiyehusika. Huyo jamaa akubali muandikishane na mkahamishe kabisa, hata huyo wa Kalinzi atahitaji

Baba Mdogo Mwandiga [13:13]: Amekubali. Ananitumia na nakala ya kitambulisho na barua ya mauziano kwa basi

Shangazi Ujiji [14:20]: MIMI NIMETOKA KWA WAKALA WA HAPA MJINI. KIJANA WA KAUNTA ANANIAMBIA MAMA HUKU HATUNA TAARIFA HIYO NI YA DAR. NIMEMUONYESHA PICHA ANASEMA PICHA YA WASAPU SIO BARUA. NIMEKAA KWENYE BENCHI LAO SAA NZIMA NIMEACHA SAMAKI KIBIRIZI

Dada Dar [14:34]: Pole sana shangazi. Usigombane nae, andika jina la dukani, tarehe na saa uliyofika. Mimi kesho naingia ofisi kuu hapa na namba zote mbili, naandika barua nakala mbili wanagonga muhuri moja nabaki nayo. Wakizungusha nakala nyingine inaenda FCC, ile Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima ya usalama wa bidhaa sio ya bei peke yake. Ila naamini hatutafika huko

Dogo Katubuka [14:40]: shangazi kama samaki wako wamebaki niambie nikusaidie kuanika nipo tu

Shangazi Ujiji [14:52]: NJOO. NA NIMEONGEA NA KIJANA WA GUNGU, ILE MOJA NZIMA MTAGAWANA. YEYE ASUBUHI MPAKA SAA NANE WEWE SAA NANE MPAKA USIKU. HESABU ELFU TATU KILA MTU MPAKA NYINGINE ITENGENEZWE. NAJUA NAPUNGUKIWA LAKINI WOTE MNA WATOTO

IJUMAA

Dada Dar [12:18]: Wamepokea barua wamegonga muhuri. Meneja wa ufundi ametoka mwenyewe amepiga simu Kigoma mbele yangu. Masta mbili zinatumwa na basi pamoja na mafuta mapya ya breki. Masharti: wafungie wao dukani kwao sio nyumbani, masta za zamani wanabaki nazo, na mnapewa karatasi yenye namba ya chesesi kwamba kazi imefanyika. Hiyo karatasi MSIONDOKE BILA HIYO. Mpaka dukani pikipiki zipakiwe kwenye kirikuu zisiendeshwe

Binamu Fundi Gungu [12:25]: safi. mimi nitakuwepo nisimame nao. nataka nione mafuta ni DOT (daraja la mafuta ya breki) ile iliyoandikwa kwenye kifuniko na wasije wakaongezea ya zamani humo, nimeshaona mtu anaweka oili ya injini kwenye breki raba zote zinavimba. na baada ya hapo kila miaka miwili yanabadilishwa hata kama breki inashika

JUMATATU

Binamu Fundi Gungu [11:47]: tumemaliza ya shangazi, wako kwenye ya baba mdogo. ile pistoni ya dogo nimeomba kuiona kabla hawajaichukua, imeliwa upande mzima ina ukoko mweupe kama chumvi ya Uvinza. ya baba mdogo ndo ilikua inaanza. natuma picha

Binamu Fundi Gungu [11:47]: 📷 Picha

Mjomba Uvinza [11:53]: Nimeiangalia hiyo picha nimeirudia. Dogo Mungu alikuwa na wewe. Mimi huku Uvinza kijiweni kuna vijana sita wana aina hii nawapelekea lile tangazo jioni hii, dada nitumie tena picha isomeke zile namba

Dada Dar [11:54]: Natuma sasa hivi mjomba

Shangazi Ujiji [12:02]: KARATASI MMEPEWA

Binamu Fundi Gungu [12:03]: ninazo zote mbili zina muhuri. namba ya chesesi nimeisoma kwenye fremu nikalinganisha

Shangazi Ujiji [12:04]: DOGO USIPAKIE MTU. PANDA MWENYEWE KWANZA NENDA PALE PALE STESHENI USHUKE TARATIBU UNIAMBIE

Dogo Katubuka [12:31]: nimeshuka mara tatu. mkono mgumu unaishia nusu hauzami, nimeisimamisha pale pale ilipokataa

Shangazi Ujiji [12:33]: ALHAMDULILLAH. HESABU INAANZA KESHO SIO LEO. PITA KIBIRIZI KUNA MIGEBUKA YA MAMA YAKO NIMEMUWEKEA