Mkuki wa Wabatak ukirudi Sumatra, akabidhiwe nani?

Mwanzisha mada:
Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Wabatak wa Toba, kaskazini mwa Sumatra, kisiwa cha Indonesia, mkuki wao wanauita hujur: mpini mrefu wa mti, chuma kichwani. Haukuwa wa vita tu. Katika sadaka ya nyati wa kufugwa, mnyama hufungwa kwenye nguzo iliyopambwa kwa majani, na mkuki ndio unaomchoma. Enzi za ukoloni, mikuki, fimbo za waganga na vitabu vyao vya magome vilibebwa kwa wingi kwenda Ulaya.

Sasa Ulaya inarudisha. Julai 2023 Uholanzi ilizikabidhi Indonesia na Sri Lanka vitu 478, vingi mno vikiwa vya Indonesia. Septemba mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Jakarta yakashika moto. Moto hauchagui nyumba, najua, ila kwa nini kila kitu kirundikwe mji mkuu, kisiwa kingine kabisa?

Msimamo wangu: vya Toba virudi Toba. Wenyewe wapo. Waumini wa Parmalim, dini ya asili, wana makao Huta Tinggi, Laguboti, na sadaka yao ya Sipaha Lima wanaifanya hadi leo. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba watu wa imani kama yao waandikwe imani hiyo kwenye vitambulisho. Hao utawaambia wakautazame mkuki kwenye kioo?

Mchangiaji:
Mkuu, Wabatak wengi wa Toba leo ni Wakristo wa HKBP, kanisa lililoanza 1861 chini ya wamisionari. Nao ni wajukuu wa haohao. Tena vingine wazee walivitoa wenyewe walipobatizwa. Huo nao ni wizi?

Mwanzisha mada:
Si wizi wote, nakubali. Lakini mzee aliyeambiwa kitu chake ni cha shetani, hiari yake ilikuwa ya namna gani? Ndiyo maana nataka kanisa liwepo mezani pamoja na Parmalim. Na sisi tunahusika: HKBP na baadhi ya dayosisi za KKKT, zikiwemo za Kagera, zimo katika umoja mmoja wa misheni, UEM, wenye makao Wuppertal, Ujerumani. Kuna mtu wa Kagera humu aliyewahi kukaa kwenye vikao hivyo? Suala hili liliwahi kuletwa?