Je, ni dini au ni fedha iliyomfunga mikono mfalme wa Uingereza?

Msomaji wa Usiku:
Wanajukwaa wenzangu, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za wafalme wa ukoo wa Stuart waliotawala Uingereza katika karne ya 17, na kuna jambo linalonitatiza. Masimulizi mengi huelezea anguko lao kama ugomvi wa dini: Charles I alikatwa kichwa mwaka 1649 baada ya kuwachosha Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali), na James II akapoteza kiti mwaka 1688 kwa sababu alikuwa Mkatoliki. Lakini nikizisoma hati zenyewe, hasa Ombi la Haki la 1628, yaani madai ya Bunge kwa Charles I, nakuta malalamiko juu ya mikopo ya lazima, watu kufungwa bila kuelezwa kosa, na askari kulazwa katika nyumba za raia. Dini haitajwi kabisa katika madai hayo. Je, dini ilikuwa chanzo au kisingizio? Na kwa nini ugomvi unaofanana ulizaa vita vya miaka mingi mara ya kwanza, kisha mara ya pili mfalme akaondoka bila damu kumwagika?

Kalamu ya Kale:
Ndugu Msomaji, nadhani kosa liko katika kuvitenga vitu hivi viwili. Tazama miaka 11, kuanzia 1629 hadi 1640, ambayo Charles I alitawala bila kuliitisha Bunge hata mara moja. Aliwezaje? Alifufua ada za zamani, na iliyochukiza kuliko zote ilikuwa kodi ya meli, ambayo kwa desturi ilitozwa sehemu za pwani wakati wa hatari, lakini yeye kuanzia 1635 akaitoza hata wilaya za bara ambazo hazijawahi kuona bahari. John Hampden alipokataa kulipa, kesi ilisikilizwa na majaji 12, na 7 kati yao wakampa mfalme ushindi. Ushindi wa namna hiyo ni nusu ya kushindwa, lakini kodi iliendelea kukusanywa, na bila vita huenda angeendelea hivyo kwa miaka mingi zaidi.

Kilichoivunja hesabu hiyo ni Kitabu cha Sala. Mwaka 1637 mfalme na Askofu Mkuu William Laud waliwalazimisha Waskoti kusali kwa utaratibu unaofanana na wa Kanisa la Uingereza, na ghasia zikazuka Edinburgh siku ya kwanza kitabu kiliposomwa. Waskoti wakaapa pamoja kulilinda kanisa lao, wakajenga jeshi, na mwaka 1640 wakauteka mji wa Newcastle. Kwa mapatano yaliyofuata, Charles alitakiwa kuwalipa pauni 850 kila siku. Hapo ndipo alipolazimika kuliita Bunge na kukosa uwezo wa kulivunja. Kwa hiyo dini ndiyo iliyoimaliza hazina, na hazina tupu ndiyo iliyowapa wabunge sauti.

Hata hivyo, vita vyenyewe vilitoka kwenye swali la tatu. Wakatoliki wa Ayalandi walipoasi Oktoba 1641, kila mtu alikubali kwamba jeshi linahitajika, ila wengi bungeni hawakuwa tayari kulikabidhi kwa mfalme mwenye mke Mkatoliki, ambaye walishuku angeligeuza dhidi yao. Bunge nalo lilikuwa limegawanyika: waraka mrefu wa malalamiko dhidi ya mfalme ulipita Novemba kwa kura 159 dhidi ya 148. Charles angesubiri, mgawanyiko huo ungemsaidia. Badala yake, tarehe 4 Januari 1642 aliingia bungeni na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshatoroka.

Mwandani:
Nakubaliana na Kalamu ya Kale, nami nijibu sehemu ya pili, nikianza na sahihisho. Mapinduzi ya 1688 hayakumwaga damu nyingi ndani ya Uingereza, lakini Ayalandi ilipigana hadi 1691, na vita vya mto Boyne vya Julai 1690 vinakumbukwa huko hadi leo kwa furaha ya upande wa Waprotestanti na uchungu wa upande wa Wakatoliki.

Uingereza yenyewe ilinusurika kwa sababu waliokumbuka vita vilivyoanza 1642 kati ya mfalme na Bunge hawakutaka kuvirudia. James II alipotawazwa mwaka 1685 alikuwa amevuka umri wa miaka 50, na warithi wake walikuwa mabinti wawili Waprotestanti, hivyo wengi waliona ni heri kuvumilia. Mwaka huohuo Louis XIV wa Ufaransa alifuta haki za Waprotestanti wake, na wakimbizi wakaingia Uingereza na simulizi za kutisha. Kisha tarehe 10 Juni 1688 James akapata mtoto wa kiume, mrithi Mkatoliki wa kuwatangulia dada zake, na subira ikapoteza maana.

Angalia pia kosa aliloshtakiwa. Mwaka 1687 alitangaza uhuru wa kuabudu, jambo ambalo leo tungelisifu, lakini alilifanya kwa kusimamisha sheria za Bunge kwa amri yake mwenyewe. Maaskofu saba walioomba wasilazimishwe kulisambaza tangazo hilo makanisani walishtakiwa, wakaachiwa huru tarehe 30 Juni 1688, na siku hiyohiyo barua ya kumwalika William wa Orange, mtawala Mprotestanti wa Uholanzi na mume wa Mary, binti mkubwa wa James, ikatiwa saini. Ndiyo maana madai ya kwanza katika Azimio la Haki la 1689 yanakataza mfalme kusimamisha sheria bila ridhaa ya Bunge. Hofu ilikuwa ya dini; dawa iliandikwa kwa lugha ya sheria.

Mhasibu Mstaafu:
Niruhusiwe kusema kwamba azimio peke yake lisingemzuia mtu. Charles I alilikubali Ombi la Haki mwaka 1628, na mwaka uliofuata akalifungia Bunge mlango. Kilichobadilika baada ya 1689 ni mfuko. James II alipewa mapato ya maisha yake yote mara alipotawazwa. Wabunge walijutia ukarimu huo, na William wa Orange, ambaye sasa alikuwa mfalme William III, akapewa ushuru wa forodha kwa miaka minne tu. Sheria ya nidhamu ya jeshi nayo ilikuwa na muda mfupi, hivyo ilibidi ihuishwe tena na tena. William alihitaji fedha nyingi kupigana na Ufaransa, na mkono mtupu haulambwi: Benki ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1694 na kuikopesha serikali pauni 1,200,000 kwa riba ya asilimia 8, wakopeshaji walitegemea kodi zilizopitishwa na Bunge, si neno la mfalme. Tangu 1689 Bunge limekutana kila mwaka.

Ila tusimgeuze William kuwa pambo. Alichagua mawaziri wake, aliongoza vita mwenyewe, na aliikataa miswada kadhaa. Malkia Anne ndiye wa mwisho kukataa mswada, mwaka 1708.

Msomaji wa Usiku:
Nawashukuru sana. Sasa naona kwamba swali la jeshi ndilo lililonipita. Je, Wakatoliki walipata nini katika mpango huu mpya?

Mwandani:
Karibu hakuna. Sheria ya Uvumilivu ya 1689 iliwaruhusu Waprotestanti waliokuwa nje ya Kanisa la Uingereza kuabudu, lakini Wakatoliki waliachwa nje. Sheria ya urithi ya 1701 iliwaruka Wakatoliki zaidi ya 50 wenye haki ya damu ili kiti kimfikie Sophia wa Hanover (Ujerumani), mjukuu wa mfalme James I, na wazao wake Waprotestanti, na sheria hiyohiyo ikawalinda majaji wasifukuzwe kwa matakwa ya mfalme. Wakatoliki waliruhusiwa kuketi bungeni mwaka 1829. Tangu 2015 mrithi anaweza kuoa au kuolewa na Mkatoliki bila kupoteza nafasi yake, lakini yeye mwenyewe akiwa Mkatoliki, bado hawezi kutawala.