Buti na vifungio kwa theluji ya unga: mikanda, mlango wa nyuma au Step On?

MteleziMpya
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Ubao wa theluji ninao tayari, ni wa theluji ya unga: pua pana, mkia mfupi, mashimo ya skrubu za vifungio yamepangwa kwa mtindo wa 2x4. Napenda theluji mpya ambayo haijapitiwa na mashine, hasa katikati ya miti. Nimebakiwa na chaguo tatu:

A. Vifungio vya mikanda miwili, ugumu wa kati, na buti la BOA (linakazwa kwa waya na kizungushio badala ya kamba) lenye vizungushio viwili.
B. Vifungio vya mlango wa nyuma (egemeo linalala, mguu unaingia kwa nyuma), na buti hilo hilo.
C. Burton Step On (haina mikanda, unakanyaga na buti linajibofya kwenye kifungio) pamoja na buti lake.

Mguu wangu una urefu wa sm 26.8, mpana mbele, kisigino chembamba. Kwenye buti la zamani kisigino kinanyanyuka kila nikigeukia ukingo wa vidole, na baada ya muda vidole vinakufa ganzi. Mmoja kaniambia niongeze saizi, mwingine nipunguze. Nimsikilize nani?

Fundi_Bizimu
Mkuu, anza na buti, vifungio baadaye. Kisigino kunyanyuka na vidole kufa ganzi mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Buti likiwa kubwa, au pana pale kisiginoni, kisigino kinaelea. Ukiona kinaelea unakaza kwa nguvu zote. Ukikaza, unabana mgongo wa mguu, na damu pamoja na neva za vidole zinapita hapo hapo. Ukiongeza saizi, utakaza zaidi ya unavyokaza sasa.

Pima upya. Vaa soksi utakayopandia, moja tu na nyembamba, maana mbili zinakunjana ndani na kuchubua. Simama kisigino kikigusa ukuta, uzito kwenye miguu yote miwili, kisha pima toka ukutani hadi ncha ya kidole kilichotangulia, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uchukue kipimo cha mguu ulio mrefu. Ukipata 26.8 tena, saizi yako ya Mondopoint ni 27. Mondopoint ni urefu wa mguu wenyewe, kwa hiyo huhitaji jedwali. Namba za Marekani na Uingereza kila kampuni ina zake. Jaribu 27, halafu jaribu na 26.5 hata kama roho inakataa.

Ndani ya buti, ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti virudi nyuma. Visipogusa kabisa ukiwa wima, buti ni kubwa. Vikibaki vimekunjika hata baada ya kukunja magoti, ni dogo. Kisha mtu akushikie buti chini, wewe egemea mbele na ujaribu kunyanyua kisigino. Kikipanda kidogo sana sawa, kikitembea huru lirudishe. Na usidanganywe na raha ya siku ya kwanza: sponji ya buti la ndani hukandamizika kwa matumizi, kwa hiyo buti linalokukaa kama ndala leo litakuwa linapwaya kabla msimu haujaisha.

Kuhusu upana, tafuta toleo pana la saizi yako. Kuongeza urefu ili upate upana ndiko kunakoleta kisigino kinachoelea.

Bi_Mteremko
Fundi kamaliza upande wa saizi. Niongeze mawili.

Kwa kisigino chembamba kuna vipande vya sponji vyenye umbo la herufi J. Vinabandikwa nje ya buti la ndani, kuzunguka kifundo, ili vijaze ule uwazi ulio pande mbili juu ya kisigino. Ni kitu kidogo lakini kwa miguu ya aina yako kinasaidia sana. Pia mabuti mengi ya ndani yanaumbwa kwa joto: yanapashwa, unavaa, unasimama mpaka yapoe yakiwa na umbo lako. Kazi hiyo mwachie mwenye vifaa vyake. Ukilipasha jikoni utaunguza sponji na gundi vyote.

La pili, ufungaji. BOA ya kizungushio kimoja inakaza mguu mzima kwa pamoja. Mpana mbele, mwembamba nyuma, hiyo siyo yako. Ya vizungushio viwili inatenganisha sehemu, ila uliza kila kizungushio kinavuta wapi, maana mabuti hayafanani: kingine kinashika kifundo, kingine kinagawa juu na chini. Unataka kinachokaza kifundo bila kugusa vidole. Mimi bado natumia kamba za kawaida. Naacha chini legelege, napiga fundo la kuzungusha mara mbili pale mguu unapopinda, kisha juu nakaza. Kamba ikikatika natoa nyingine mfukoni. Waya wa BOA ukikatika mlimani, bila vipuri umekwama.

Kasi_ya_Upepo
Dada, kamba zenyewe zikishaganda barafu mbona ni mateso? Mimi sirudi huko.

MteleziMpya, nitetee C kidogo maana najua wanakuja kuipiga mawe. Step On imekuwa sokoni tangu 2017, siyo jaribio tena. Inashika sehemu tatu, mbili pembeni mwa vidole na moja kisiginoni. Hakuna mkanda juu ya vidole wala juu ya mgongo wa mguu. Kwa mtu anayelalamika ganzi, hilo peke yake lina uzito. Na suala la kubanwa na buti la kampuni moja limepungua, siku hizi Nitro, DC na ThirtyTwo nao wanatoa mabuti yanayoingia humo.

Angalizo moja: umesema mashimo yako ni 2x4. Usinunue toleo la EST, hilo ni la mbao zenye mfereji wa Channel tu. Chukua Re:Flex, diski yake inakubali 2x4.

Mzee_wa_Korongo
Mawe yenyewe haya hapa, kijana wangu.

Mifumo yote ya kubofya, ya kampuni yoyote, inahitaji kitu kigumu chini ili ukanyage. Kwenye njia iliyokandamizwa hicho kitu kipo. Sasa uko katikati ya miti, theluji imefika kwenye mapaja, umetoa mguu mmoja ili ujisukume kwenye sehemu tambarare. Unataka kurudisha mguu. Unakanyaga, ubao unazama. Unakanyaga tena, theluji iliyonata kwenye soli inashindiliwa na kuwa bamba la barafu kati ya buti na kifungio. Vidole vinaingia, kisigino kinagoma, au kinashika jino la kwanza la pili halishiki. Unavua, unakwangua soli kwa ukingo wa ubao, unafagia kifungio kwa glavu, unaanza upya. Wenzako wameshaondoka.

Mwenye mikanda anakaa chini, anafagia, anaingiza mguu, anavuta bizimu. Barafu nyembamba ikibaki chini ya soli, mkanda bado unafunga. Hiyo ndiyo tofauti kwa theluji ya unga, na ndiyo inayonibakisha kwenye mikanda.

Kasi_ya_Upepo
Mzee nakubali picha yako ila dawa yake ipo. Kwanza shindilia theluji kwa ubao wenyewe, upande kwa upande, mpaka upate kijukwaa. Kwangua soli KABLA hujajaribu, usisubiri igome. Kisha sikiliza mlio wa kisigino na uvute goti juu kuhakikisha. Nikishafanya hivyo naingia mapema kuliko yeyote wa mikanda, na glavu sijavua.

Mzee_wa_Korongo
Ukishajenga jukwaa, ukakwangua, ukasikiliza na ukavuta goti, mimi nimeshafika chini nakusubiri. 😄

Bi_Mteremko
Mmemsahau B. Mlango wa nyuma una sifa moja kubwa: unatumia buti lolote, kwa hiyo mguu wako mgumu kuvika unachagua buti kwa uhuru. Mikanda unairekebisha mara moja, baada ya hapo ni kulaza egemeo, kuingia, kusimamisha egemeo. Tabu ni kwamba egemeo likilala linahitaji nafasi nyuma yako, na kwenye theluji nzito hiyo nafasi unaichimba kwa mkono. Flow ndio walioufanya mfumo huu ujulikane. Nidecker Supermatic imesogea mbele kidogo, unakanyaga kwa kisigino na egemeo linajifunga lenyewe. Ukienda B, chukua vyenye mikanda yenye bizimu za kweli, ili siku mlango ukigoma ufunge kwa njia ya kawaida. Wanaopanda unga kila siku nawaona wengi A, wachache B.

MteleziMpya
Shukrani sana wakuu. Na ugumu je? Naona namba 1 hadi 10 kila mahali.

Fundi_Bizimu
Namba hizo kila kampuni inajipangia, 6 ya huyu ni 4 ya yule. Shika buti lenyewe ulikunje. Kwa unga mimi nasema kati, 4 mpaka 6, buti na vifungio visipishane sana. Kwenye unga hukati kwa ukingo kama kwenye theluji ngumu, unaelea kwa tumbo zima la ubao, na uelekeo unaubadilisha polepole kwa vifundo na magoti. Kifungio kigumu kinapeleka kila mtikisiko chini, ubao unakuwa na wasiwasi.

Mzee_wa_Korongo
Hapa napingana. Unga haubaki unga siku nzima. Kufika mchana umeshakatwakatwa na watu, mabonde na vichuguu, na buti laini linakuacha ujibebe kwa misuli. Mteremko mkali nao hivyo hivyo. Buti 6 au 7, kifungio 5.

Bi_Mteremko
Inategemea uzito na nguvu pia. Mimi ni mwepesi, buti la 7 silikunji kabisa, nabaki nimesimama kama niko kwenye foleni.

MteleziMpya
Nikishavipata nivifunge vipi?

Fundi_Bizimu
Rudisha vyote viwili nyuma kuelekea mkia ili pua inyanyuke, sm 2 hadi 4 nyuma ya katikati. Ila angalia kwanza: mbao nyingi za unga alama zake za kiwandani zimeshasogezwa nyuma, usirudishe mara mbili bila kujua. Mguu wa mbele nyuzi 18 hadi 21, wa nyuma 0 hadi 6 kuelekea mbele. Ukipenda kupanda kinyume, wa nyuma uende hasi kidogo. Egemeo lianze na mwinamo mdogo. Mwinamo mkubwa unaharakisha ukingo wa kisigino, lakini mapaja yatawaka moto. Weka buti juu ya kifungio na uone limechomoza sawa mbele na nyuma. Skrubu kaza kwa bisibisi ya nyota namba 3, na uzikague baada ya siku ya kwanza, hulegea.

Mzee_wa_Korongo
Jambo la miti, kijana, lisipite hivi hivi. Vifungio vya ubao havifunguki vyenyewe ukianguka kama vya ski. Chini ya matawi, kuzunguka shina, theluji huwa legelege na yenye uwazi, mtu anatumbukia kichwa chini na hawezi kujitoa. Chochote utakachonunua, jizoeze kukifungua kwa glavu, macho yamefumbwa, kwa mkono wowote. Na mwenzako awe karibu kiasi cha kukuona.

MteleziMpya
Nimeelewa mzee. Nimejaribisha mabuti matatu leo. La 27 la kawaida kisigino kilitembea. 26.5 toleo pana, vizungushio viwili, lilishika kisigino na vidole vikawa vinagusa kidogo tu. Nimesimama nalo nusu saa, hakuna ganzi. Linawekewa zile J kesho. Vifungio nimeamua A. Step On nitaazima siku moja nionje, Kasi_ya_Upepo usikate tamaa.

Kasi_ya_Upepo
Nakusubiri kwenye kijukwaa changu.

Fundi_Bizimu
Safi. Kabla ya kupanda rekebisha urefu wa mikanda: pedi ya kifundo ikae katikati ya buti, isivutwe upande mmoja. Mkanda wa vidole uvike kwenye ncha ya buti, usiulaze juu yake. Ukikaa kwenye ncha unasukuma mguu nyuma hadi kisigino kikae kwenye kikombe cha kifungio, na hapo mkanda wa kifundo hautahitaji kukazwa mpaka ganzi irudi.