Ushauri: Michoro yangu ya kadi nataka kuihamishia kwenye vidaftari vya mfukoni (nipo Tabora)

Binti wa Isevya

Mwangaluka wakuu, na wa mikoa mingine habari zenu.

Natengeneza kadi kwa mkono hapa Tabora mjini: za mahafali, kipaimara, Idi, send-off. Nyingine nachora kwa kalamu na rangi za maji, mizinga ya nyuki, maembe, ndege. Nyingine nabandika vipande vya kitenge ninavyopewa na mafundi cherehani, na zipo za maua na majani yaliyokaushwa. Sifa napata nyingi, kununua ndiyo shughuli. Kadi za michango zimehamia WhatsApp zote, na msimu wa mahafali ukipita kadi zangu zinalala kabatini.

Sasa nataka michoro hiyohiyo iende kwenye vidaftari vidogo, kitu ambacho mtu anakitumia kila siku. Nitumie karatasi gani? Nashona vipi bila mashine? Na nitamuuziaje mtu wakati kidaftari cha dukani hakifiki bei ya soda? Nina mkasi, kisu cha karatasi na rula ya chuma. Printa sina, nategemea steshenari. Mtaji mdogo, msinishauri mkopo tafadhali.

Kariakoo Ndipo

Dada usijitese. Agiza daftari za jumla Dar, zipande treni, wewe kazi yako kubandika stika ya mchoro wako juu. Imeisha hiyo.

Mla Matobolwa

Stika? Ikikaa wiki moja kwenye mfuko wa suruali na hili joto, kona zote zimenyanyuka. Halafu hapo anauza daftari la mwenzake, siyo lake.

Fundi Jalada

Bibie, kabla hujanunua chochote angalia kadi zilizolala kabatini. Kama ukiifungua kadi inakuwa A5 (milimita 148 kwa 210), ikikunjwa ni A6, na hilo tayari ni jalada la kidaftari cha mfukoni. Unachohitaji ni kurasa za ndani.

Chukua karatasi za kawaida za A4, gramu 80. Kata kila moja katikati, utapata A5 mbili, kunja kila A5 katikati. Karatasi 8 za A4 zinakupa majani 32, yaani kurasa 64, na usizidishe sana hapo kwa mshono mmoja. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo inatoa vidaftari 62 na karatasi 4 zinabaki. Piga hesabu kwa bei ya rimu ya hapo kwenu, utaona karatasi siyo itakayokumaliza. Kitakachokula ni muda wako na kopi za rangi.

Mkunjo wa jalada ndipo wengi wanapoharibu. Manila ngumu ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Mstari wa mkunjo unaokubali kirahisi ndio unaofuata nyuzi, na mgongo wa daftari uwe hapo. Ukikunja kinyume, mgongo unapasuka na rangi inabanduka mstari mzima. Kabla ya kukunja pitisha rula na kalamu iliyokwisha wino ili iache mfereji, ndipo ukunje.

Kushona hakuhitaji mashine. Panga kurasa ndani ya jalada, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita tano juu yake na tano chini. Sindano ianzie ndani, itoke tundu la kati. Nje iende juu iingie, ndani ishuke moja kwa moja hadi tundu la chini itoke, kisha irudi kuingia kati. Funga fundo ncha mbili zikiubana ule uzi mrefu wa ndani. Tumia uzi wa mafundi viatu, na kabla ya kushona uvute kwenye kipande cha nta. Nta ninyi watu wa Tabora mnayo, muulize yeyote anayekamua asali. Uzi uliopakwa nta hauteremki kwenye fundo na hauchanui.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, mdomo wake mfupi. Ukilazimika, ifungue iwe bapa, piga pini juu ya sponji, kisha kunja miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko.

Ukimaliza utaona kurasa za katikati zimechungulia nje. Ni kawaida, karatasi zikipandana zinasukumana. Zikate mwisho kwa kisu na rula, mara nyingi nyepesi, usitafute kumaliza kwa mkato mmoja.

Mama Duka Ng'ambo

Fundi kasema vizuri lakini mimi nasema kama mnunuzi. Ua ni zuri, ila sitoi hela kwa ua. Mimi nina watu wanaochukua sukari na sabuni kwa kukopa, naandika nyuma ya boksi za sigara. Nichoree daftari la madeni: tarehe, jina, alichochukua, kiasi, alicholipa, kilichobaki. Hapo nitalipa zaidi ya bei ya soda na nitarudi likijaa. Kadi mtu hanunui mara ya pili.

Mla Matobolwa

Mama kamaliza. Hata wakala wa pesa za simu anahitaji lake, na vikundi vya kuweka na kukopa ndiyo usiseme.

Msimu wa Tumbaku (Urambo)

Sisi wakulima pia. Mbolea niliyochukua chama cha msingi, vibarua niliowalipa, marobota niliyopeleka sokoni na uzito wake, vyote naandika kwenye kiganja cha mkono. Siku ya malipo ndipo kelele zinaanza. Ila dada, likitengenezwa la shambani jalada lisiwe jeupe. Mkono wa tumbaku unaacha utomvu.

Binti wa Isevya

Asanteni sana, sikuwa nimewaza cha ndani kabisa, akili ilikuwa juu ya jalada tu. Mama Duka, safu sita kwenye A6 zitaenea kweli? Na zile kadi zangu za majani makavu na kitenge nazifanyaje?

Fundi Jalada

Safu sita kwenye ukurasa mmoja wa sentimita kumi na nusu, hapana. Zitandaze kurasa mbili zinazotazamana: kushoto tarehe, jina na alichochukua, kulia kiasi, alicholipa na kilichobaki. Na hapa una bahati. Kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, nusu ya kushoto daima ni ukurasa wa kushoto, mbele na nyuma. Kwa hiyo unachora mistari mara moja kwa rula kwenye A4, juu seti moja na chini seti moja, steshenari wanakutolea kopi pande zote mbili na kila kitu kinaangukia mahali pake. Usiweke namba za kurasa tu, ndizo zinazoleta kichwa kuuma.

Majani makavu yasahau kwenye jalada. Mfukoni yatakuwa unga kabla ya jioni. Yaskani, nukta 300 kwa inchi, utoe kopi ya picha yake. Usipige picha kwa simu kama unaweza kukwepa, kivuli cha mkono kitaonekana.

Katubuka KG

Niko Kigoma, kitenge nimekifanyia kazi sana kwenye majalada. Paka gundi nyeupe ya maseremala kwenye manila, nyembamba, usipake kwenye kitambaa maana itapenya na kuacha madoa. Laza kitambaa, futa mapovu kwa kitambaa kikavu toka katikati kwenda pembeni, kisha weka chini ya matofali au vitabu vizito usiku kucha. Ukikosa uzito manila inajikunja kama chapati. Wapo watakaokushauri uji wa unga wa ngano au muhogo kwa sababu ni rahisi. Unashika, sikatai, lakini mende wanaufuata.

Halafu waulize steshenari printa yao ni ya aina gani. Kopi ya wino wa maji ikinyeshewa inachuruzika. Ya leza haichuruziki, ila unga wake unapasuka kwenye mkunjo, kwa hiyo mchoro wako usivuke mgongo. Uweke upande wa mbele tu, mgongo ubaki rangi ya manila.

Kariakoo Ndipo

Haya nimekubali yaishe. Lakini bei? Mkishona kwa mkono mtauza shilingi ngapi?

Mama Duka Ng'ambo

Ajumlishe karatasi, kopi, jalada na uzi, kisha ahesabu saa zake kama angekuwa kibarua wa mtu mwingine. Wengi wetu hapo ndipo tunajisahau. La mchoro wa mkono liwe la zawadi, bei juu, auze mahafali. La madeni liwe na jalada la kopi nyeusi na nyeupe, bei ya chini, auze mwaka mzima. Nanenane pale Ipuli apeleke yote mawili aone lipi linaisha.

Msimu wa Tumbaku (Urambo)

Na kadi zilizoandikwa "Hongera kwa kuhitimu" ndani?

Fundi Jalada

Ukurasa wa kwanza au wa mwisho wa daftari, ule unaotazamana na maneno, ubandike juu yake, yamefunikwa. Au uyaache, liwe daftari la zawadi ya mhitimu.

Binti wa Isevya

Naanza na la madeni. Mama Duka nitakuletea moja ulijaribu dukani uniambie safu ipi ni nyembamba. Uzi na nta kesho asubuhi.

Mama Duka Ng'ambo

Lete. Ila kalamu dukani kwangu haikai, kila mteja anaondoka nayo. Naomba pa kuifungia.

Fundi Jalada

Anzia kushona kwa nje badala ya ndani. Fundo litakuja mgongoni, usiikate ncha, acha kama sentimita thelathini, kalamu ifungwe hapo.