Lushoto, Morogoro au Udzungwa: tupande wapi kwa siku nne kutoka Unguja?

Mchangani_7

Assalamu alaykum wanajukwaa. Tuko tisa: wakubwa saba, watoto wawili wa miaka 11 na 13. Mkubwa wetu ana miaka 61 na magoti humuuma akiteremka ngazi. Tunataka kupanda milima bara mwishoni mwa mwezi wa sita, skuli zikifungwa. Tuna siku nne, tangu kuondoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi kurudi hapo. Zimebaki Lushoto, Morogoro na Udzungwa. Baadhi yetu wanang'ang'ania mlima Lupanga, Morogoro, kwa kuwa ni mrefu na uko karibu na mji. Wenye kuzijua njia hizi watulinganishie saa za kutembea, ugumu wa mteremko na usafiri.

PandaShuka

Wa alaykum salaam. Anzeni na goti, kilele baadaye. Mpando unachosha pumzi, na pumzi ukikaa dakika tano inarudi. Mteremko ndio unaovunja magoti, na goti likishavimba halirudi siku hiyo.

Hesabu ya kukisia ni hii: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za mpando. Hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi, njia kavu, bila kupumzika. Kundi lenye watoto na mtu mzima, ongezeni nusu yake.

Sasa Lupanga. Kilele kina mita 2,138 na mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, kwa hiyo mnapanda zaidi ya mita 1,600 na kuziteremka zote siku hiyo hiyo. Kilima chetu cha Masingini, Unguja, hakifiki mita 150. Ziwekeni Masingini kumi moja juu ya mwenzake, na bado hamjafika. Ukishaacha mashamba ukaingia msituni, kijia hakizunguki, kinakwenda moja kwa moja juu na unashika mizizi kwa mikono. Wakati wa kurudi mizizi hiyo ndiyo hatari. Ikilowa umande inateleza kuliko mwamba, na mtu aliyechoka huikanyaga kwa juu kwa sababu inafanana na ngazi. Mguu utiwe baina ya mizizi, kwenye udongo, na kisigino kitangulie. Tengeni saa nane nzima, na kileleni miti inaziba sehemu kubwa ya mandhari. Juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, kwa hiyo mnahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na mwongozaji.

Kwa kundi lenu, mimi siiafiki Lupanga hata kidogo. Morogoro mkienda, pandeni Morningside: jengo la zamani la Wajerumani kwenye mita 1,300 hivi, saa mbili na nusu hadi tatu kupanda, njia inapita mashamba na nyumba za Waluguru, na mji unauona chini yako karibu muda wote.

Kaskazi

Naunga mkono kuhusu Lupanga, lakini hata Morningside ni mita 800 za kuteremka. Kwa goti la miaka 61 mimi nasema Lushoto, kwa sababu moja: gari ndiyo inayowapandishia. Mombo iko chini barabarani, Lushoto iko mita 1,400 hivi, na zile kilomita 33 baina yao ni lami. Ukishuka garini, mlima mkubwa umeshaupanda umekaa.

Kutoka mjini hadi Irente ni kilomita 6 hivi, njia ya gari, mpando wa taratibu. Mwisho wake ni mwamba uliokatika ghafla, na chini yake karibu mita 1,000 unaona Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara ya Moshi imenyooka kama uzi. Angalizo: ukingoni hakuna uzio wa kumzuia mtu. Mwamba una vumbi la changarawe juu yake, na changarawe chini ya raba zilizolika ni kama punje za mtama sakafuni. Watoto wakae chini kwanza, ndipo wasogee, na picha zipigwe mtu akiwa amekaa. Njiani lipo shamba la Irente linalouza jibini na mkate wa ngano nzima. Chakula cha mchana kimepatikana.

MtuWaKisiwani

Kaskazi, umeruka usafiri. Tangu treni mpya ya reli ya kisasa (SGR) ianze Juni 2024, Morogoro imekuwa karibu mno. Boti ya saa moja asubuhi inafika Dar kiasi cha saa tatu, stesheni iko mwendo wa miguu kutoka bandarini, na treni inafika Morogoro chini ya saa mbili. Adhuhuri mnaisali Morogoro. Lushoto inakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, zinabaki mbili.

Maalim_Ramani

Sawa, ila stesheni ya SGR Morogoro iko Kihonda, si mjini, kwa hiyo wekeni bajaji kwenye hesabu. Tiketi za watu tisa zikatwe mapema, na kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, kisiwe chini ya begi. Mizigo inapita kwenye mashine, basi fikeni saa nzima kabla.

Kwa Lushoto, mabasi yanaondokea stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka bandarini hadi Mbezi foleni inaweza kula saa moja na nusu. Basi la moja kwa moja la asubuhi mtakuwa mmeshalikosa. Pandeni lolote la njia ya Moshi na Arusha, mshuke Mombo kabla ya jua kuzama, mchukue haisi ya kupanda juu. Kona ni nyingi baada ya Mombo, watoto wakae mbele na wasiangalie simu. Kinachoharibu mpango ni siku ya kurudi. Mkitoka Lushoto alfajiri mnafika Mbezi mchana, bado foleni ya kuingia mjini, na boti ya mwisho ya jioni haisubiri mtu. Tisa kwa pamoja kuikosa ni gharama ya kulala Dar bila kupanga. Lushoto kwa siku nne naiona ngumu, kwa tano ni nzuri.

BintiWete

Udzungwa hamjaisema. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 kwa jumla, na njia yake ni saa nne hivi. Makao ya hifadhi yako Mang'ula, njia inaanzia Sanje, kilomita 9 kutoka hapo, na lazima muwe na mwongozaji wa hifadhi. Waliozoea kutizama kima punju msitu wa Jozani, Unguja, watawaona ndugu zao huko: mbega wekundu wa Udzungwa, na nyani wa Sanje ambaye hapatikani nje ya milima hiyo. Kwa uzuri wa msitu, hiyo ndiyo namba moja kwangu.

Lakini niseme kweli, kutoka Morogoro mnakwenda hadi Mikumi, halafu kilomita 60 hivi kusini. Njia ya Sanje ina joto la unyevu, jasho halikauki, na ngazi za udongo karibu na maji zimelowa mwaka mzima. Kwa siku nne mtaona gari kuliko msitu.

Walioko Pemba nawapa njia nyengine: siku ambayo kuna meli ya kwenda Tanga, nendeni Amani kupitia Muheza. Bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, msitu ni wa Usambara Mashariki, vijia vina kivuli na havina mpando wa kutisha. Mvua ikinyesha barabara ya kupanda Amani inakuwa tope, gari ndogo isijaribu.

Kaskazi

MtuWaKisiwani, hesabu yako ya treni ni ya kweli. Basi kigezo kiwe siku: zikibaki nne, Morogoro, zikiwa tano, Lushoto. Siku ya ziada Lushoto gawaneni. Wenye nguvu waende msitu wa Magamba, unaopanda kupita mita 2,000 na una mbega weusi wenye mikia myeupe. Mzee na mwenziwe mmoja wabaki maporomoko ya Soni, gari inafika karibu.

Mchangani_7

Ahsanteni sana. Je, Kilimanjaro kwa siku moja, ile ya lango la Marangu hadi kambi ya Mandara? Na nguo: dada zetu wanavaa mabaibui, kuna tatizo?

Maalim_Ramani

Mandara iko mita 2,720 na lango ni mita 1,870 hivi, kwa hiyo mpando ni kama wa Morningside, ila hewa ni nyepesi zaidi. Njia ni nzuri sana. Safari ya kufika Marangu ni ndefu kuliko ya Lushoto, muiweke mwaka mwengine.

BintiWete

Dada Mchangani, baibui halina tatizo kwenye mpando. Kwenye mteremko pindo la mbele linatangulia mguu, mtu analikanyaga na kwenda kichwa mbele. Lipandishwe hadi juu ya kifundo na lifungwe kwa mkanda, ndani suruali nyepesi. Ushungi uwe wa pamba.

Baridi msiidharau. Kila mita 1,000 za kwenda juu joto hupungua kiasi cha nyuzi 6, na kipupwe usiku wa Lushoto unaweza kukaribia nyuzi 10. Kila mtu sweta moja na soksi pea mbili. Miguuni, makubadhi na champali vibaki nyumbani. Raba iwe na nafasi ya kidole gumba mbele, kucha zikatwe siku mbili kabla. Anayehisi moto kisiginoni asimame pale pale abandike plasta, kwa sababu lengelenge likishajaa maji plasta haisaidii. Maji lita mbili kwa mtu kwa Irente, tatu kwa Magamba, na tende na njugu mfukoni badala ya soda.

PandaShuka

Kwa mzee: fimbo mbili, hata za mianzi, zifike kwenye kiwiko akiwa amesimama wima, na wakati wa kuteremka zitangulie kabla ya mguu. Wiki nne kabla, afanye mazoezi ya kushuka ngazi za ghorofa Michenzani, siku tatu kwa wiki, polepole, dakika ishirini. Kushuka, siyo kupanda. Watoto wafanye naye, watachoka kabla yake.

Mchangani_7

Tumekaa na kundi, tumeongeza siku ya tano. Lushoto: siku ya kwanza safari, ya pili Irente sote, ya tatu Magamba na Soni, ya nne tunateremka na kulala Dar, ya tano boti ya asubuhi. Lupanga imetolewa. Nimeshaanza kutafuta mianzi.

Maalim_Ramani

Mpango umekaa vizuri. Irente mtoke saa moja asubuhi. Kwenye saa tano ukungu wa joto unapanda kutoka nyikani, na Mazinde haionekani tena.