Sensa za ekzosi kwenye lori la dizeli: je, kila msimbo wa hitilafu una maana sensa imekufa?

Mwenye lori, Masasi
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina lori la dizeli la kiwango cha Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi), lililotumika Ulaya kabla ya kuingizwa nchini, na msimu huu linabeba korosho kutoka Masasi hadi bandari ya Mtwara. Tangu foleni ya kushusha mzigo ilipoanza kuwa ndefu, taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu kwenye vilima. Mashine ya fundi ya kusoma hitilafu imetoa msimbo unaotaja sensa ya oksidi za naitrojeni (gesi chafu za moshi) iliyo mwishoni mwa ekzosi. Fundi mmoja anataka tuibadilishe, mwingine anashauri mfumo mzima wa kusafisha moshi ufungwe kupitia kompyuta ya gari. Kwa kuwa bei ya sensa hiyo si ya kufanyia majaribio, naomba kwanza nielezwe inavyofanya kazi.

Fundi umeme wa magari, Mtwara
Kaka, msimbo huo unaweza kuwa unataja sensa inayosema kweli. Ndani ya sensa hiyo kuna kauri ya zirkonia yenye vyumba viwili vidogo, nayo hupashwa joto hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Chumba cha kwanza huondoa oksijeni iliyomo kwenye moshi. Kinachobaki huingia chumba cha pili, ambamo oksidi ya naitrojeni huvunjwa kuwa naitrojeni na oksijeni, na umeme mdogo unaotumika kuitoa oksijeni hiyo mpya ndio unaoonyesha kiasi cha oksidi kilichokuwapo. Injini ikiwa ya baridi sensa haitoi kipimo, kwa sababu bado haipashwi joto: tone la maji likigusa kauri iliyopata moto linaweza kuipasua.

Lori lako lina sensa mbili za aina hiyo, moja kabla na nyingine baada ya kichocheo kinachopunguza oksidi hizo kwa kutumia AdBlue (maji ya urea yanayonyunyizwa kwenye moshi), na kompyuta huzilinganisha. Ya nyuma ikisoma kiwango kikubwa, huenda kichocheo hakifanyi kazi, pua ya kunyunyizia imeziba kwa chumvi ya urea, au kuna mtu aliyeongeza maji kwenye tangi la AdBlue. AdBlue halali ina urea ya asilimia 32.5, na kipimo cha mkononi cha kioo (refraktometa) hutambua udanganyifu huo kwa tone moja. Zaidi ya hayo, sensa hii haitofautishi vizuri oksidi za naitrojeni na amonia inayotokana na AdBlue, kwa hiyo hata unyunyizaji uliozidi huonekana kama uchafu.

Dereva, Lindi
Naunga mkono, na ningeanzia kwenye hiyo foleni. Injini inayounguruma saa nyingi bila mzigo hutoa moshi usio na joto la kutosha: urea huganda ndani ya bomba, na masizi hujaa kwenye chujio la ekzosi linaloyanasa, kwa kuwa huhitaji joto kubwa ili yaungue. Mkizima injini mnaposubiri, mtakuwa mmepunguza nusu ya maradhi.

Mwenye lori, Masasi
Nashukuru sana. Je, hilo chujio nalo lina sensa yake, na inapimwaje bila kununua nyingine?

Fundi umeme wa magari, Mtwara
Inayo. Ni ya shinikizo, yenye mirija miwili myembamba ya mpira, mmoja ukitoka kabla ya chujio na mwingine baada yake. Tofauti ikikua, kompyuta huelewa kuwa masizi yamejaa. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha usome thamani kwenye mashine: inapaswa kuwa sifuri au karibu sana na sifuri. Isipokuwa hivyo, huenda sensa ni mbovu. Ikiwa sifuri lakini inaruka ovyo injini ikiunguruma, kagua mirija hiyo kwanza, kwani hupasuka au kuziba, na ni rahisi kuibadilisha.

Kwa zile mbili za oksidi, mwambie fundi asiishie kwenye msimbo bali asome thamani zake gari likiwa barabarani na mzigo, injini ikiwa imepata moto. Ya nyuma inapaswa kusoma chini sana kuliko ile ya mbele. Zikilingana, angalia AdBlue na pua yake kabla ya kufungua pochi. Sensa isipotoa thamani yoyote, na nyaya zake ni nzima, hapo ndipo ununue. Anayekushauri kufunga mfumo hajakujibu kwa nini gari limekosa nguvu, na chujio lililojaa litaendelea kuibana injini hata taa ikizimwa.