Mount Pilchuck na mtoto wa miaka 8 na mama mtu mzima: twende Juni au tusubiri Agosti?

Zuhura_Kent
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaoujua vizuri Mount Pilchuck, ule wa juu ya mji wa Granite Falls hapa jimbo la Washington. Tunapanga kwenda watu saba kutoka Kent na Tukwila: watu wazima wanne, kijana wa miaka 14, mtoto wa miaka 8, na mama yangu wa miaka 61 aliyekuja kututembelea kutoka Arusha. Mama miguu yake iko imara, ila anaogopa sehemu zenye bonde kando. Lengo ni kufika kwenye kile kibanda cha zamani cha walinzi wa moto kileleni.

Wikiendi ya katikati ya Juni inafaa? Gari dogo linafika mwanzo wa njia? Pasi gani inatakiwa? Raba za kawaida zinatosha? Na ile ngazi ya mwisho ikoje?

Mkwezi_Everett
Mpe mama shikamoo zetu.

Katikati ya Juni hapana. Kwenda na kurudi ni maili 5.4, yaani kilomita 8.7 hivi, na mnapanda kama futi 2,300 (mita 700). Ukitazama namba hizo peke yake unaona ni matembezi tu ya Jumamosi, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Sehemu kubwa ya njia iko upande wa kaskazini wa mlima, jua linaugusa kidogo, kwa hiyo theluji hukaa mpaka mwisho wa Juni na miaka mingine huingia Julai. Huku chini Everett watu wako na kaptura, kule juu njia imefunikwa.

Theluji ya wakati huo ina tabia mbaya. Asubuhi ni ngumu kama sakafu na inateleza, na ukianguka husimami mpaka ukutane na mawe. Mchana inakuwa uji. Kandokando ya majabali na mashina ya miti inayeyuka kutokea chini, kwa sababu jiwe linashika joto. Juu unaona theluji nzima, kumbe chini ni shimo: unakanyaga, mguu unazama hadi pajani na kubanwa kati ya mawe huku mwili ukiendelea kwenda mbele. Mifupa huvunjika hivyo. Ile minyororo yenye meno inayovalishwa juu ya viatu inasaidia kwenye theluji ngumu ya tambarare, lakini haikuokoi kwenye mteremko mkali wala kwenye shimo kama hilo. Ukiwa na mtoto wa miaka 8, subiri njia iwe kavu. Mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba ndio msimu wenu.

Barabara: mkitoka Granite Falls shikeni Mountain Loop Highway kwa takriban maili 12. Mtapita ofisi ya misitu ya Verlot, kisha kama maili moja mbele mtavuka daraja la buluu juu ya mto Stillaguamish. Mara tu mkishavuka, kateni kulia muingie barabara ya msitu namba 42, karibu maili 7 hadi mwisho wake. Gari dogo linafika, ila kuna mashimo ya kweli, mengine yanajaa maji huoni kina chake. Nendeni polepole. Tairi la akiba likaguliwe kabla hamjaondoka nyumbani, maana mtandao wa simu pale hautegemeki.

Pasi inayotakiwa kwenye maegesho ni Northwest Forest Pass, dola 5 kwa siku au 30 kwa mwaka, kila gari na yake. Wengi wanachanganya kwa sababu kilele kiko ndani ya hifadhi ya jimbo, wanakuja na Discover Pass, ile ya hifadhi za jimbo. Maegesho yako kwenye ardhi ya msitu wa taifa, kwa hiyo ni pasi ya msitu. Inunueni kabla ya kuja, muiweke mbele ya kioo ionekane. Msiache begi wala koti likionekana kwenye viti. Vioo huvunjwa sana kwenye maegesho ya milimani.

Bwana_Ramani
Mkwezi ameeleza vizuri habari ya theluji. Mimi naongeza njia yenyewe, kwa sababu hata Agosti watu wanapotea pale.

Mwanzo ni msitu mkubwa wa miti mikongwe, kivuli kizuri, mizizi mingi na vijito vidogo. Hapo hakuna wa kupotea. Mbele kidogo njia inapita eneo lililokuwa uwanja wa kuteleza kwa ski zamani, ukafungwa. Ndipo panaanza mawe: uwanja mpana wa majabali, mengine makubwa kama meza, mengine kama jokofu. Njia ya udongo inakatika, unatembea jiwe kwa jiwe ukifuata alama zilizowekwa kwenye mawe. Kanuni ni moja: usiiache alama uliyosimama mpaka uione inayofuata. Usipoiona, simama, rudi kwenye ya mwisho, tafuta upya. Usimfuate mtu wa mbele yako eti kwa kuwa anaonekana anajua.

Baada ya mawe mnafika kwenye tandiko, yaani sehemu iliyobonyea, kati ya kilele kikuu na kile kidogo wanachokiita Little Pilchuck. Kuanzia hapo njia sahihi inazunguka kwenda upande wa kusini wa mlima, unapanda kwa kona kona, kisha unatokea chini kidogo ya kibanda. Kosa la hapa ni kuona kibanda kiko juu yako na kuamua kunyoosha moja kwa moja kwenye mgongo wa mlima. Dakika chache utajikuta kwenye mwamba mkali, kushuka kugumu kuliko ulivyopanda. Ukiona unahitaji mikono yote miwili kabla hujaikaribia ngazi, ujue umeacha njia.

Kwenye kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Watu wamechoka, ukungu unaweza kupanda kutoka bondeni kwa muda mfupi sana, na macho yanavutwa na kila mfereji ulio wazi unaoelekea chini. Mifereji hiyo haiwarudishi kwenye gari. Mingi inaishia kwenye magenge. Mkiwa mnapanda, kila baada ya muda geukeni nyuma mtazame njia inavyoonekana kwa upande wa kurudi. Pakueni ramani kwenye simu mkiwa bado nyumbani, kisha muweke simu kwenye hali ya ndege ili betri isiliwe na kutafuta mtandao. GPS inafanya kazi hata hivyo.

Nesi_Lynnwood
Kuhusu mama wa Arusha: asihofie hewa kuwa nyepesi. Kilele hiki kina futi 5,300 na kidogo, kama mita 1,620, chini ya Nairobi. Huku hatuna mambo ya Kilimanjaro ya kupanda siku kwa siku ili mwili uzoee. Kinachomsumbua mtu wa umri wake pale ni magoti wakati wa kushuka kwenye mawe. Apate fimbo mbili za kutembelea zinazokunjika, azirefushe kidogo kwenye kushuka, na azifunge kwenye begi akifika sehemu ya kupanda kwa mikono karibu na ngazi.

Maji: lita 2 kwa mtu mzima, 3 siku ya joto kali, na mtoto lita 1 na nusu. Nusu ya juu haina kivuli cha maana. Maji ya vijito msinywe bila kuchuja au kuchemsha. Vimelea vya Giardia haviangalii kama maji ni meupe. Chukueni pia vitu vya chumvi, karanga, chapati na yai, na si biskuti tamu tu. Mtoto apewe kitu cha kutafuna kila dakika 40 hivi kabla hajalalamika njaa, kwa sababu akishaanza kulia huwa ameishiwa nguvu tayari.

Nguo: joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Everett iko usawa wa bahari, kwa hiyo juu kunaweza kuwa na nyuzi 10 pungufu, na upepo juu yake. Jinzi na fulana ya pamba hunyonya jasho na kukaa majimaji. Mkisimama kileleni mnatetemeka. Fulana ya nailoni au sufu, sweta, na koti la mvua kwa kila mtu hata kama anga ni safi.

Raba zinafaa ikiwa soli ina meno na haijalika. Zile bapa za mtindo zinateleza kwenye mizizi na mawe yenye unyevu. Tochi za kichwani kila mmoja na yake; mwanga wa simu haushikiki ukiwa unatumia mikono.

Agosti ina tatizo lake: moshi wa moto wa misitu. Angalieni AirNow, tovuti ya kupima ubora wa hewa, asubuhi ya safari. Kiwango cha uchafu wa hewa kikizidi 100, mtoto, mama na mwenye pumu wabaki. Kikizidi 150, ahirisheni wote.

Jambo la mwisho, nalisema kwa mkazo. Mtu akiumia au mkipotea, pigeni 911 mapema, kabla ya giza na kabla betri haijafa. Kama simu haipiti jaribuni ujumbe mfupi. Kazi ya utafutaji na uokoaji iko chini ya sherifu wa kaunti, hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na hamtatumiwa bili ya kutafutwa. Mama akiwa ndiye anayepiga, aseme neno "Swahili" na asubiri, wanaunganisha mkalimani. Kisha mbaki palepale mlipo.

Zuhura_Kent
Asanteni sana, tumehamia Agosti. Bado naulizia ngazi. Mtoto ni mkwezi, mama ndiye mwenye hofu. Na kile kibanda kina nini ndani, au ni kuta tu?

Kipusa_wa_Milima
Dada Zuhura, ngazi ni fupi lakini imesimama wima. Kabla yake kuna rundo la majabali ambalo lazima muweke mikono. Panda ukiiangalia ngazi, na kushuka pia uiangalie. Wanaoshuka wakiipa mgongo ndio wanaoteleza. Wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu, au miguu miwili na mkono. Simu mfukoni, fimbo begini. Mtu mmoja mmoja. Kwa mtoto, mtu mzima atangulie na mwingine awe chini yake, asimsukume, amwelekeze tu pa kuweka mguu. Jumamosi mchana kunakuwa na foleni pale, na kusubiri kwenye majabali huku watu wanakupita ndiko kunakomtisha mwenye hofu kuliko ngazi yenyewe.

Mama anaweza kupanda hadi chini ya majabali akaamua hapohapo. Mandhari ya pale tayari ni makubwa. Ila amueni leo nani atabaki naye, ili isije ikawa mabishano mkiwa juu.

Kibanda si kuta tu. Ni chumba cha mbao, vioo pande zote nne, kimezungukwa na roshani nyembamba, na vifuniko vya madirisha vinainuliwa juu kama vibaraza. Wanachama wa chama cha wapanda milima cha The Mountaineers, tawi la Everett, walisaidia kukikarabati. Ndani kuna maelezo ya historia na picha ndefu zenye majina ya milima, kwa hiyo mtoto anaweza kusimama dirishani akalinganisha: Mount Baker kaskazini, Glacier Peak mashariki, Rainier kusini, na bahari ya Puget Sound magharibi.

Mweleze pia kazi ya vibanda hivi. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1910 ulioteketeza ekari zipatazo milioni 3 huko Idaho, Montana na sehemu ya Washington, vilijengwa kwa wingi. Mlinzi alikuwa na meza ya duara yenye ramani katikati na pete ya chuma inayozunguka, iliyoitwa Osborne Fire Finder. Akiona moshi analenga kupitia tundu upande mmoja na unywele ulionyooshwa upande wa pili, anasoma nyuzi za mwelekeo kwenye pete, anatoa taarifa. Mlinzi wa mlima mwingine anafanya vilevile, na mistari miwili inapokatana kwenye ramani ndipo moto ulipo. Radi zikianza walisimama kwenye kigoda chenye miguu ya kioo ili umeme usipite mwilini. Ninyi hamna kigoda hicho: mkisikia ngurumo, shukeni kutoka kileleni na kwenye ngazi mara moja.

Bwana_Ramani
Muda sasa. Kwa kundi lenu wekeni masaa 3 kupanda, dakika 45 juu, masaa 2 na nusu kushuka. Muwe mmeegesha kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Wikiendi pakijaa magari yanapangwa pembezoni mwa barabara na mnaongeza mwendo bure. Pangeni saa ya kugeuka, mfano saa saba mchana, popote mtakapokuwa. Kijana wa miaka 14 asiachwe atangulie peke yake: kwenye uwanja wa mawe mwambie asimame kwenye alama na kuwasubiri, halafu mvuke wote pamoja.